Hodi Tatu na Zimwi la Mwisho

Mchezo wenyewe ni wa kipuuzi, na ninasema hivyo nikiwa mtu aliyeucheza wiki sita mfululizo. Mwanamke mmoja, mpimaji wa madini, anatua kwenye mwezi wa sayari ambayo jina lake halitamkiki. Chombo chake kinavunjika, naye anatoka akiwa na bunduki. Kwa nini mpimaji wa madini atembee na bunduki, hakuna anayekueleza. Anaingia kwenye mapango yaliyochimbwa na viumbe waliokwisha kufa zamani, anakuta mashine zao bado zinazurura na kutema mipira ya moto ya zambarau, basi anazipiga risasi chumba baada ya chumba. Akifa, na kufa ni lazima, anaamka kwenye chombo kile kile kilichovunjika, mikono mitupu, na mapango yamejipanga upya. Silaha ulizokusanya hazipo. Njia uliyoikariri haipo. Saa mbili za maisha yako zimepotea hivi hivi, na sauti ya kike yenye huzuni ya kukodi inakwambia ujaribu tena.

Ndiyo gemu nzima hiyo. Hakuna kusevu katikati ili uendelee ulipoishia. Wale mabwana wa mtandaoni, ambao kazi yao ni kucheza na kusifia, wanasema kifo humo ndani ni mwalimu. Mimi nimefundishwa na walimu wengi, wengine wakali kweli kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyenirudisha darasa la kwanza kwa sababu nimekosa hesabu moja ya darasa la saba. Wanasema pia kwamba hadithi yake ina falsafa. Falsafa yenyewe ni kwamba yule mwanamke, kila baada ya mapango matatu, anasimama mbele ya ukuta na kuuliza, "Mimi ni nani?" Mpimaji wa madini, mama. Tumeambiwa mwanzoni kabisa.

Mashine ya kuchezea gemu niliinunua mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Nina miaka arobaini na sita. Nina karakana Kizota, natengeneza mageti na madirisha ya chuma, na tangu mji huu uanze kujaa watu wa maofisini kila mtu anajenga, na kila anayejenga anataka geti lenye simba wawili. Nimekata simba wa bati mpaka nawaota. Muuzaji wa dukani aliniuliza, "Zawadi ya mtoto hiyo, mzee?" Nikasema ndiyo, ya mtoto. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni na hakuna aliyewahi kuniomba kitu kama hicho. Nilitoka na boksi kwapani kama mtu aliyebeba pombe ya magendo, nikalipitishia mlango wa jikoni.

Nyumba yetu ya Makole ilikuwa kimya siku hizo. Mke wangu ni muuguzi, anafanya kazi kwa zamu. Lakini ukimya ule ulikuwa na sababu nyingine, na afadhali niiseme sasa hivi. Kaka yangu, ndugu yangu pekee niliyebaki naye, alikuwa hakanyagi kwangu. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika, na kosa lilikuwa langu.

Mambo yalitokea kijijini kwetu, Hombolo, tulipomaliza msiba wa mama. Kikao cha ukoo kilikaa kuzungumzia nyumba yake. Kaka alitaka iachwe kwanza, walau mwaka upite. Mimi nilitaka ivunjwe tujenge ya kisasa, na nilikuwa nimeshachora hadi madirisha. Kaka akasema taratibu kwamba nyumba ya marehemu haina haraka. Ndipo nikasimama mbele ya wazee na wakwe na wajukuu, nikasema, "Huyu amepogoa mizabibu ile ile miaka thelathini. Hajawahi kufika mbali kuliko Morogoro. Leo ndiye wa kutufundisha maisha?"

Watu wawili watatu walicheka. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwamba walicheka, na mimi nikasikia raha. Nina ulimi wa dharau, nimezaliwa nao, na siku zote nimepata watu wa kuuchekea. Lakini huyo niliyemdharau amenizidi miaka kumi na minne. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo siku ya wazazi shuleni alikuja kaka, amevaa viatu vya baba vilivyomzidi mguu, anakaa mstari wa mbele na kuuliza maswali. Kwa hiyo sikumtukana kaka tu. Nilimtukana aliyenilea.

Hakujibu kwa hasira. Aliinuka, akasema, "Umesema, mdogo wangu. Kwako sitakanyaga." Wazee walinivuta pembeni wakaniambia jambo ambalo hata mbuzi wa Hombolo wanalijua: mdogo ndiye anayekwenda kuomba radhi, mkubwa hatoki kwake. Nikasema nitakwenda. Krismasi nikasema nitakwenda. Pasaka nikasema mvua ikipungua. Nilimtaka kaka yangu arudi, nilimtaka sana, ila nilitaka arudi bila mimi kuinamisha kichwa. Hiyo inaitwa jeuri, na haina jina jingine.

Basi badala ya kwenda Hombolo, mwendo ambao haumalizi hata asubuhi moja, nikawa naruka kwenda kwenye mwezi wa mapango kila nikipata nafasi. Mke wangu alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu alisimama nyuma ya kiti na sare yake ya kazini, akaniangalia nikifa mara mbili.

"Baba watoto," akasema, "hivi si wewe uliyemcheka shemeji kwa mizabibu yake? Na wewe mwezi huu wote unapita mapango yale yale."

"Hayafanani," nikamjibu bila kugeuka. "Yanabadilika kila mara."

"Na mizabibu inabadilika," akasema. Akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Nilikasirika, maana alikuwa amesema kweli. Nikafa mara tatu zaidi jioni ile kwa ajili ya kukasirika.

Mwisho wa mapango kuna zimwi. Ni mashine kubwa kama tangi la maji, yenye macho saba, na kabla ya kukuua inakuhubiria. Inazungumza kuhusu wakati. Inasema wakati ni duara, wakati ni shimo, wakati ni mama. Unasimama pale na bunduki yako ukisubiri mahubiri yaishe, kwa sababu waliotengeneza gemu hawakuweka namna ya kuyaruka, bila shaka wakiamini kwamba wameandika jambo la maana. Nilikuwa nimeshalifikia mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimelipunguza damu hadi nusu pale mke wangu aliponiita nikamsaidie kushusha mtungi wa gesi. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, nikashusha mtungi, nikarudi. Mkono ulikuwa umeshapoa. Sikumaliza hata dakika moja, nikaamka kwenye chombo kilichovunjika.

Nimetaja kitufe hicho kwa makusudi. Kipo. Kinafanya kazi. Asije mtu akanitetea kwamba gemu haisimami.

Ilikuwa Jumapili ya msimu wa upepo, vumbi jekundu linapita chini ya milango hata ufanyeje. Mke wangu alikuwa zamu ya asubuhi. Mimi sikwenda kanisani. Nilijiambia nimeamka na mafua. Nilianza baada ya chai, na kwa mara ya kwanza mambo yakaninyookea. Nilipata bunduki nzuri pango la pili tu, nikapata ngao, nikapita vyumba ambavyo siku zote vilinitoa roho. Saa saba mchana nilikuwa mbele ya zimwi la mwisho na damu yangu imejaa. Likahubiri. Likamaliza. Tukaanza.

Nilikuwa nimeshalipofua macho manne niliposikia, "Hodi hapa."

Niliijua sauti kabla neno halijaisha. Kaka yangu hupiga hodi kama anavyofanya mambo yake yote, polepole na kwa ukamilifu. Anaita, kisha ananyamaza kwa muda unaomtosha mtu kuweka chini alichoshika na kujifunga kanga. Hagongi wala hachungulii dirishani. Geti langu mchana huwa wazi, kwa hiyo alikuwa ameshafika barazani, na kati yake na mimi kulikuwa na mlango mmoja na pazia.

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Nataka hilo lieleweke. Kaka alikuwa amemeza kiapo chake, amefanya ambalo mkubwa hapaswi kulifanya, amekuja kwa mdogo. Machozi yalinilenga huku vidole vinafyatua risasi.

Na hapo ndipo nilipopiga hesabu yangu. Kwetu hodi ni tatu. Ya kwanza inamwambia mwenye nyumba kwamba kuna mtu. Ya pili inampa muda wa kuvaa. Ya tatu inamuuliza kama anakutaka. Ukinyamaziwa hiyo ya tatu, mtu mwenye adabu zake anaondoka, na hana kosa lolote. Nikasema, basi nina hodi mbili bado, na zimwi limebakiza macho matatu. Nikijitahidi tunamaliza pamoja.

Mtu atauliza kwa nini sikupaza sauti nikasema karibu. Ni neno moja. Nitajibu, ingawa jibu linanitia aibu: ni kwa sababu ya heshima. Huwezi kumkaribisha mkubwa wako ukiwa umekaa. Ukisema karibu unanyanyuka, unakwenda mlangoni, unamwamkia, unampokea mzigo. Na huyu hakuwa mgeni wa kila siku. Huyu alistahili kupokelewa kwa mikono miwili, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye pedi ya kuchezea. Niliona kumtupia karibu ya kochini ni kumdharau mara ya pili. Bora anyamaziwe kidogo, kisha apokelewe vizuri. Ndivyo nilivyofikiri. Nimewahi kusikia watu wakisema ujinga huletwa na kukosa malezi. Mimi wangu uliletwa na malezi yenyewe.

"Hodi," akasema mara ya pili. Sauti ilikuwa ile ile, haijapanda.

Nikapofua jicho la tano. Nikapofua la sita. Chumba kizima kilikuwa kinanguruma, na mimi mwenyewe, bila kujijua, nilikuwa nalitukana lile zimwi kwa sauti kubwa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa barazani alijua vizuri kwamba ndani kuna mtu, na mtu huyo si mgonjwa wala hajalala.

"Hodi, mdogo wangu."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Damu ya zimwi ilikuwa imebaki kama upana wa kidole. Nikajiambia atasubiri kidogo. Ametoka Hombolo, amesubiri karibu miaka miwili, hawezi kushindwa kusubiri nusu dakika. Nikafyatua. Likapiga kelele, likapasuka, likaanguka vipande vipande, na runinga ikajaa mwanga mweupe.

Nilitupa pedi, nikakimbilia mlangoni nikiwa nimeshaandaa uso wa kumpokea. Barazani hapakuwa na mtu. Nikatoka getini pekupeku. Barabara ilikuwa na vumbi na kuku wa jirani. Nikaita, "Kaka!" kuelekea upande mmoja, nikaita upande wa pili, nikaona mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo ananitazama, nikarudi ndani.

Kwenye runinga hadithi ilikuwa inaishia. Yule mpimaji wa madini alipanda chombo cha uokoaji, akafunga mkanda, akatabasamu, akafumba macho. Kisha akayafumbua, na alikuwa kwenye chombo kile kile kilichovunjika. Yakatokea maandishi: Hongera, umefungua ugumu wa pili. Wiki sita. Hata asante hakuna.

Mke wangu aliingia wakati majina ya watengenezaji yanapanda. Alikuwa ameshika mfuko wa zabibu.

"Nimekutana na shemeji pale kona," akasema.

"Amesemaje?"

"Nimemwamkia, ameitikia vizuri tu. Nikamwambia, shemeji, turudi nyumbani, mume wangu yupo. Akasema, 'Najua yupo. Nimemsikia.' Akanipa hizi."

Aliuweka mfuko mezani. Akatazama runinga, akanitazama mimi, miguu yangu yenye vumbi.

"Alikuwa amevaa koti," akasema.

Kaka ana koti moja. Analivaa kwenye harusi, mazishini, na siku ile alipokwenda kuniposea huyo huyo mke wangu. Mtu aliyevaa lile koti amekuja kwa shughuli.

Nilichukua bodaboda mpaka stendi, gari la Hombolo lilikuwa limeshaondoka. Nikampigia simu. Akapokea mlio wa pili.

"Kaka, shikamoo. Nimekukosa. Nilikuwa..."

"Marahaba. Usijali, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa napita tu."

Hakuna mtu wa Hombolo anayepita Makole Jumapili, na koti, na mfuko wa zabibu zilizooshwa. Alikuwa ananiondolea aibu, na nilijua mtu anaondolewa aibu na nani. Anaondolewa na mtu baki.

Jumamosi iliyofuata nilifunga karakana nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na nakiri nilikuwa nalisubiri hilo kwa hamu. Namjua kaka. Akikukasirikia kweli anagomba, anagomba mpaka majirani wanatoka, anafukua makosa yako tangu ulipokuwa unachunga mbuzi, na akimaliza anakutupia jembe mtangulizane shambani. Ukishapewa jembe umesamehewa. Nimesamehewa hivyo mara nyingi, na nilikuwa nimevaa shati bovu kwa makusudi.

Nilimkuta katikati ya mizabibu na mkasi wa kupogolea. Nilimwamkia, nikapiga magoti pale pale kwenye udongo, nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwa maneno ya kikaoni na kwa ile Jumapili. Sikujitetea. Nilimwambia nilimsikia, mara zote tatu, na nilikuwa nacheza gemu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akanishika mkono akaninyanyua, akanipangusa vumbi magotini.

"Hayo yamekwisha," akasema kwa upole. "Karibu sana. Umetutembelea vizuri." Akageukia nyumbani akaita, "Leteni kiti! Tuna mgeni!"

Kikaletwa kiti cha sebuleni, chenye kitambaa cha kufumwa, kikawekwa kivulini. Nikasema, "Kaka, nipe mkasi nikusaidie, mistari bado mingi."

"Utachafuka bure," akasema. "Wageni hawafanyi kazi hapa. Pumzika."

Akaniuliza habari za mji. Akaniuliza kama barabara mpya imekamilika, na kama kazi za mageti zinakwenda. Aliniuliza maswali yote ambayo mtu humuuliza ofisa aliyekuja kukagua zahanati, na majibu yangu yote aliyaitikia kwa kichwa. Mara moja nilijaribu utani, nikajidharau mimi mwenyewe, nikasema mtu mzima ameshindwa na mashine ya watoto. Akatabasamu kwa adabu. Watoto wake walipita mmoja mmoja kuniamkia, wamenawa uso, kama walivyoambiwa.

Mchana nikasikia harufu ya mlenda kutoka jikoni, na ugali wa uwele, na mate yakanijaa mdomoni, kwa sababu hicho ndicho nilicholelewa nacho katika ua ule ule. Walikaa wote pale jikoni kuzunguka sinia, nikawasikia wanacheka. Mimi nikaletewa meza ndogo, na juu yake sahani ya wali na kuku mzima aliyechinjwa kwa ajili yangu. Nikamwambia shemeji yangu, mke wa kaka, kwamba ningependa mlenda, hata kidogo. Alimtazama mumewe.

"Mlenda si wa kumpa mgeni," kaka akasema. "Kula, usione haya."

Nikala kuku. Alikuwa ameiva vizuri, ameungwa kwa nazi ya dukani ambayo najua walitumana kuinunua. Nilipomaliza wakaniletea maji ya kunawa, na kaka akavaa lile koti, wakanisindikiza mpaka barabarani, yeye na mkewe na watoto wote. Wakasimama hapo mpaka gari lilipokuja, wakanipungia mikono, wakanishukuru kwa kuja.